Kambi za Kilimanjaro

Kambi zilizofungua njia ya kileleni Kilimanjaro zilitegemea mabega ya wapagazi. Mwaka 1889 Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller wa Austria walipanda kwa vituo: chakula kilipandishwa kutoka Marangu kupitia msituni hadi kambi za juu, hivyo wakikwama waliweza kujaribu tena bila kushuka hadi chini. Walifika kileleni tarehe 6 Oktoba. Mpango huo ndio uliowafikisha, na wapagazi wanastahili sifa kubwa kuliko waliyopewa vitabuni.

Baadaye Wajerumani walijenga vibanda vya Bismarck na Peters. Cha Kibo kilifuata enzi ya Waingereza. Baada ya uhuru viwili vya kwanza vilipewa majina ya watawala wa Kichagga, Mandara na Horombo, badiliko la haki kabisa.

Hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1973, ikafunguliwa rasmi 1977. Sehemu kubwa ya msitu ilibaki nje, ikaunganishwa nayo mwaka 2005. Leo wanaopitia njia ya Marangu hulala vibandani, wa njia nyingine hutumia mahema. Kuni zimepigwa marufuku. Wapishi hutumia gesi.