Malezi Hayana Mwisho: Jando, Bweni na Kambi Katika Historia Yetu



Mhariri ameniomba niandike makala ya historia. Nimechagua historia ya malezi, kwa sababu kila tunapokutana katika sherehe zetu hoja huwa ni ile ile: vijana wa siku hizi wameharibika. Msemaji wa hoja hiyo huegemea methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Huamini kwamba mtu hutengenezwa utotoni, na akishakauka hakunjiki tena. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali ya kwanza inampa mzazi kazi yote. Ya pili inasema kwamba ulimwengu nao ni mwalimu, tena mwalimu asiyekwenda likizo. Kwa maoni yangu, historia ya nchi yetu inaipa haki methali hii ya pili.

Tuanze na jando. Miongoni mwa Wamakonde, Wayao na makabila mengine ya kusini na pwani, mtoto wa kiume aliondolewa mikononi mwa mama yake akapelekwa kumbini. Huko alikabidhiwa kwa kungwi. Alifundishwa uvumilivu, heshima kwa wakubwa na wajibu wa mtu mzima, na alipotoka alihesabiwa kuwa mtu mwingine. Wasichana nao walikuwa na unyago wao. Kwa Wayao mafunzo hayo hayakuishia hapo, kwani mwanamke alifundwa tena alipopata mimba ya kwanza. Ni dhahiri kwamba wazee wetu hawakuona malezi ya nyumbani kuwa yanatosha. Kila mtu alipoingia katika daraja jipya la maisha, jamii ilimkalisha chini ikamfunza upya.

Serikali ya kikoloni ya Waingereza ililielewa jambo hilo, ikalitumia kwa faida yake. Mwaka 1925 ilifungua shule ya Tabora, iliyokusudiwa hasa watoto wa machifu. Nia ilikuwa kuwapata watawala wenyeji watakaotawala kwa niaba ya Mwingereza na kwa taratibu zake. Shule iliendeshwa kwa mfano wa shule za bweni za Uingereza, pamoja na viranja wake na nidhamu yake. Lakini malezi ni kama moto wa shambani. Awashaye hajui utaishia wapi. Kijana Mzanaki aliyeingia hapo mwaka 1937 aliishi pamoja na vijana wa makabila asiyoyajua. Kijana huyo ni Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito. Rashidi Kawawa naye alipita katika shule hiyo. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilipozaliwa, Nyerere ndiye aliyechaguliwa kuwa Rais wake. Shule ilikusudiwa kulea watumishi wa dola, nayo ikawalea watu walioing'oa dola hiyo.

Baada ya Uhuru, Serikali yetu nayo ilishika kazi ya kulea, na safari hii kwa nia ya kujenga taifa. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa tarehe 10 Julai 1963. Mwaka 1966 ilitungwa sheria ya kuwalazimisha wahitimu wa kidato cha sita na wa vyuo kulitumikia kwa miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Wasomi walikasirika. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu na wa vyuo vingine waliandamana Dar es Salaam, na baadhi ya mabango yao yalidai kwamba afadhali ukoloni. Mwalimu aliwafukuza wanafunzi wapatao 400, kisha akakata mshahara wake mwenyewe na wa mawaziri wake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, na Machi mwaka huo ikatolewa Elimu ya Kujitegemea. Pengine bila hasira za siku ile Serikali isingeliona mapema hivyo kwamba shule zilikuwa zikilea tabaka la wateule.

Kisha Sheria ya Elimu ya 1969 iliiwezesha Serikali kuzishika shule za misheni na za mashirika mengine. Mkristo na Mwislamu walikaa dawati moja, na kijana wa Kagera akapangiwa shule Mtwara. Watu wazima nao hawakuachwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi, wakisikiliza redio na kuchimba vyoo. Bibi wa miaka sitini alijifunza kuandika jina lake, na mzee mwenye wajukuu akabadili mazoea ya maisha yake yote. Samaki waliokauka walikunjika.

Hata ofisini malezi yapo. Nilipoajiriwa nilikuja na shahada yangu, lakini aliyenifundisha utumishi ni karani wa masijala aliyekuwa karibu kustaafu. Kwake nilijifunza kwamba jalada halilali mezani, kwamba dokezo huandikwa ili asomaye baada ya miaka kumi aelewe, na kwamba mwananchi aliyetoka mbali hupewa kiti kwanza. Mzee huyo alipita JKT. Rika langu halikupita, kwa kuwa utaratibu wa lazima ulisimamishwa mwaka 1994, ukarudishwa mwaka 2013. Sisi tulimaliza kidato cha sita katikati ya pengo hilo. Bahati yetu ilikuwa bweni. Ndani ya bweni letu nilijua jinsi Mnyakyusa anavyosalimia, jinsi Mpemba anavyofunga Ramadhani, na jinsi ya kugawana sabuni moja watu wanne bila ugomvi.

Ndugu zangu, hapo ndipo ninapotaka tufikiri. Tangu mwaka 2004 zimejengwa shule za kata nchi nzima, nami nazisifu, kwani zimewapa nafasi watoto ambao zamani wangeachwa nje ya mlango. Lakini wengi wa watoto hao husoma kutwa. Kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne hukaa na watoto wa kata yao, na ni wale wachache tu wanaofika kidato cha tano ndio hupangiwa shule za mikoa mingine. Umoja tulioupata sisi bila kuuomba, wao hawana hakika ya kuupata. Nao ulimwengu haujaacha kuwafunza. Usipowafunza kwa mkono wetu, utawafunza kwa mkono wa mwingine.

Kwa hiyo chama chetu kisiishie kupaka rangi madarasa na kula pilau. Napendekeza tushirikiane na shule za kata tunakoishi. Wakati wa likizo, wanafunzi wa mkoa mmoja wapokewe na familia za wanachama wetu katika mkoa mwingine, hata kama ni kwa juma moja. Wale tunaokaribia kustaafu tuwafunze kazi vijana wanaoajiriwa sasa, kama sisi tulivyofunzwa. Tukifanya hivyo tutagundua pia kwamba sisi wenyewe, na mvi zetu hizi, bado tunalelewa.

Hoja hii naileta rasmi katika mkutano wetu ujao. Njooni tuijadili.