Mwaka wa kwanza usio na pongezi

Matokeo ya KCSE yakitoka, kila mtaa wa Thika huwa na mtu wake wa kubeba. Makongeni ni vivyo hivyo: mtahiniwa aliyepata A huinuliwa mabegani, akina mama hupiga vigelegele na kupeperusha leso, naye mpiga picha wa runinga hutembea kinyumenyume mbele ya msafara asije akaukosa uso wa shujaa. Miezi michache baadaye shujaa huyo huripoti chuoni, pengine Chuo Kikuu cha Mount Kenya palepale mjini au JKUAT kule Juja, na kuanzia siku hiyo nchi humsahau. Atakumbukwa akivaa joho miaka minne baadaye, tena iwapo tu atakuwa na digrii ya daraja la kwanza. Kati ya sherehe hizo mbili hatuna desturi ya kitaifa ya kumtazama mwanafunzi aliyemaliza mwaka wake wa kwanza na kumwambia kwamba kazi yake imeonekana. Nashikilia kuwa pengo hilo limetugharimu. Mwaka wa kwanza ndio unaofichua kama mtihani wa kuingilia chuo ulimpima mtu sawasawa, na taifa lisilouangalia mwaka huo haliwezi kujua ni mara ngapi mtihani wake umekosea.

Wamarekani waliligundua pengo hili zaidi ya miaka 100 iliyopita. Chama chao kikongwe cha heshima, Phi Beta Kappa, kilianzishwa mwaka 1776 katika Chuo cha William and Mary, Virginia, na baadaye kikawa cha wanafunzi wanaokaribia kuhitimu. Fresha, yaani mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hakuwa na chake. Machi 22, 1923, Thomas Arkle Clark, mkuu wa wanafunzi wa kiume katika Chuo Kikuu cha Illinois, alianzisha Phi Eta Sigma kwa ajili ya wavulana wa mwaka wa kwanza peke yao. Clark alisifika kwa ukali, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwaita ofisini vijana walioteleza. Kwamba mtu wa adhabu ndiye aliyeona haja ya tuzo ni jambo la kuzingatiwa. Mwaka uliofuata, Maria Leonard, mkuu wa wanafunzi wa kike katika chuo hichohicho, aliwaanzishia wasichana chama chao, Alpha Lambda Delta. Sharti la kuingia lilikuja kuwa wastani wa pointi 3.5 kati ya 4, yaani katikati ya A na B. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 ilipopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu, vyama vyote viwili viliwafungulia milango wavulana kwa wasichana, na vimetimiza miaka 100 vikiwa hai, kimoja mwaka 2023 na kingine 2024.

Ninachokithamini katika historia hiyo ni kipimo chenyewe. Majina ya Kigiriki na vyeti vya mapambo si hoja yangu. Mwanafunzi aliyetaka kuingia Phi Eta Sigma hakuulizwa alitoka shule gani wala alipata ngapi katika mtihani wa sekondari. Alama zilizohesabiwa ni zile alizozipata akiwa chuoni, baada ya mtoto wa tajiri na mtoto wa mkulima kukaa darasa moja, wakafundishwa na mhadhiri mmoja na kuandika mtihani mmoja. Ukoo wa shule ulikuwa umeachwa nje ya mlango. Kenya iliwahi kuugombania msingi huohuo, ingawa ugomvi ule haukupewa jina hilo, na aliyeuanzisha alikuwa amepitia shule ambayo leo iko karibu na Thika.

Tom Mboya, aliyekuja kuwa kiongozi wa wafanyakazi na mwanasiasa, alisoma Holy Ghost College, Mang'u, katika miaka ya 1940, akaacha kwa kukosa karo na kwenda kusomea ukaguzi wa afya. Mwenzake wa Mang'u, Mwai Kibaki, aliipanda ngazi yote bila kukwama: akaenda Makerere, akapata daraja la kwanza katika uchumi mwaka 1955, kisha akang'ara tena London. Ngazi ilikuwepo, ila ilikuwa nyembamba mno. Makerere, iliyokuwa ikifundisha digrii za Chuo Kikuu cha London tangu 1949, ilikuwa ikitumikia Afrika Mashariki nzima, na Chuo cha Kifalme cha Ufundi cha Nairobi kilifungua milango mwaka 1956 tu. Vijana wengi waliokuwa wamefaulu sekondari walibaki makarani na walimu wa msingi kwa sababu nafasi hazikutosha, au kwa sababu alama zao zilipungua kidogo katika mtihani ulioandaliwa Cambridge.

Mwaka 1959 Mboya alizunguka Marekani akihutubia vyuoni na kuomba nafasi za masomo. Akisaidiana na mfanyabiashara William Scheinman, alianzisha wakfu wa kugharimia usafiri, na wachezaji na waigizaji mashuhuri, Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, walitia saini barua ya kuwachangisha Wamarekani. Septemba 1959 ndege ya kukodi ilitua New York ikiwa na wanafunzi 81. Maafisa wa kikoloni hawakufurahi. Walidai kuwa vijana hao ni wale ambao Makerere haikuwataka, kwamba vyuo vidogo vya Marekani vilivyowapokea havina hadhi, na kwamba digrii watakazorudi nazo hazitakuwa na uzito. Ukiyatazama vizuri madai hayo, yote yanasimama juu ya wazo moja: kwamba mtihani wa kuingilia umeshasema, na ulichosema hakipingwi.

Mwaka wa pili ugomvi ulivuka bahari. Mboya alihitaji nauli ya kundi kubwa zaidi, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa imekataa ombi lake. Julai 1960 alikutana na Seneta John F. Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, na wakfu wa familia ya Kennedy ukaahidi dola 100,000. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa rais, na kambi ya Richard Nixon ilitambua haraka kwamba mpinzani wao angeonekana rafiki wa Afrika na wa wapigakura weusi. Ghafla wizara iliyokuwa imekataa ikasema nayo itatoa dola 100,000. Wahusika wakaupokea mchango wa Kennedy. Mwezi Agosti Seneta Hugh Scott wa Pennsylvania alisimama bungeni na kuushutumu wakfu huo kwamba unatumia fedha za hisani kuipiku serikali kwa ajili ya siasa, naye Kennedy akajibu kwa hasira kwamba mradi ule uliletwa kwake baada ya serikali kuutupa. Magazeti yakaandika, na vijana waliokuwa wakingoja ndege Nairobi wakawa hoja ya kampeni katika nchi ambayo hawajaiona. Ndege zilipaa. Kufikia 1963 karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamesafirishwa, mmoja wao Wangari Maathai, aliyetua Kansas mwaka 1960 na kusomea biolojia.

Habari hiyo ya maseneta ndiyo husimuliwa zaidi, na haki yake, kwa maana ni kisa kitamu. Lakini jibu kwa maafisa wa kikoloni halikutolewa Washington. Lilitolewa na madaftari ya alama ya vyuo, muhula baada ya muhula. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa kijana ambaye hata hakupanda ndege ya kukodi, bali alitafutiwa njia kando na wanawake wawili wa Kimarekani waliokuwa wakifanya kazi Nairobi. Barack Obama, baba wa rais wa 44 wa Marekani, aliondoka Maseno bila kumaliza na akajaziliza masomo ya sekondari kwa njia ya posta. Kwa kipimo cha Nairobi ya wakati ule huyo hakuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Aliingia Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959, akamaliza kwa miaka mitatu, na akachaguliwa kuwa mwanachama wa Phi Beta Kappa. Mtihani ulisema jambo moja, kazi ya darasani ikasema jingine, na chuo kilikuwa na utaratibu wa kuandika jambo la pili hadharani. Utaratibu huo ndio tuliosahau kuuleta nyumbani pamoja na wahitimu.

Tulichokuza sisi ni sherehe ya mlangoni. Tangu KCSE ya kwanza mwaka 1989, orodha ya watahiniwa bora na shule bora ilikuwa kilele cha mwaka wa elimu, hadi Novemba 2014 Waziri Jacob Kaimenyi alipoipiga marufuku kwa hoja kwamba inachochea ushindani mbaya na kuzilinganisha shule zisizolingana. Hoja ilikuwa na uzito: shule ya kutwa yenye maabara moja na shule ya kitaifa yenye bweni, maktaba na walimu kamili hazipaswi kuwekwa kwenye mizani moja. Miaka miwili baadaye Waziri Fred Matiang'i akabana wizi wa mitihani, na idadi ya waliopata A ikaporomoka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Nambari hiyo peke yake ingetosha kutufanya tuulize alama ya KCSE inapima nini hasa. Orodha iliondolewa, hakuna heshima nyingine iliyowekwa mahali pake, na mabega ya wazazi yameendelea kuifanya kazi iliyoachwa na wizara.

Kuna mpango mmoja wa humu nchini unaokaribia nilichokieleza, nao unastahili sifa. Mwaka 1998 Equity, ikiwa bado chama cha ujenzi na haijawa benki, ilianza kuwachukua wavulana na wasichana waliong'ara katika KCSE kutoka wilaya ilizohudumia, ikawapa kazi ya kulipwa kabla hawajaingia chuoni, na baadaye ikawatafutia baadhi yao nafasi katika vyuo vikuu vikubwa vya ng'ambo. Mpango huo umewapa vijana wa familia za hali ya chini mshahara wa kwanza na wenzao wa kufikiri nao. Kasoro yake ni kwamba mlango wake ni uleule wa KCSE. Humpa zaidi yule aliyekwisha kuinuliwa mabegani, wala haumfikii msichana wa shule ya kutwa ya Thika aliyeingia chuoni kwa C+, akapanga chumba Makongeni kwa sababu kodi ya huko inavumilika, na kufikia mwisho wa muhula wa pili akawa juu ya darasa lake. Matokeo yake huyaona kwenye simu, katika mfumo wa chuo: safu ya misimbo ya kozi, herufi moja kando ya kila msimbo, basi.

Watakaopinga watasema kwanza kwamba heshima ya namna hii italeta kiburi na ubaguzi uleule uliomfanya Kaimenyi afute orodha. Naona tofauti mbili. Orodha iliyofutwa 2014 ilipanga shule na kumtaja wa kwanza, wa pili na wa tatu, lakini Phi Eta Sigma huweka kiwango na kumkubali kila anayekifikia. Tena orodha ile ilishindanisha watu waliosomea mazingira tofauti, na mwaka wa kwanza chuoni huwaweka katika mazingira yanayokaribiana. Nasema yanayokaribiana kwa makusudi, kwa sababu hapa ndipo pingamizi la pili lina nguvu. Fresha anayengoja mkopo wa HELB hadi katikati ya muhula, anayeuza mitumba wikendi ili ale, hajakaa sawa na jirani yake anayetumiwa pesa kila Jumatatu. Ni kweli, na hakuna cheti kitakachofuta ukweli huo. Lakini ugumu huo humkabili pia anayewania daraja la kwanza mwaka wa nne, na hatujasema daraja hilo lifutwe. Chuo kinachoyatazama matokeo ya mwaka wa kwanza kwa uangalifu kitaona mapema nani anaanguka kwa sababu ya njaa na nani kwa sababu ya uvivu, na basari itaelekezwa panapofaa.

Pingamizi la tatu linahusu fedha. Vyama vya Marekani hutoza ada ya kujiunga, na barua za kumwalika mwanafunzi alipie heshima yake zimewafanya Wamarekani wengi kuvitilia shaka. Shaka hiyo ni halali kabisa. Tukiwa na utaratibu wetu, usitoze hata shilingi. Msajili wa masomo ana alama zote tayari, na kutuma barua kwa waliofikia kiwango ni kazi ya siku chache.

Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichoanzia kwenye taasisi ya ufundi ya Thika na kukabidhiwa hati mwaka 2011 na Rais Kibaki, yule kijana wa Mang'u, kingeweza kuanza mwaka wowote kinaotaka. JKUAT nayo vivyo hivyo. Wakati wenyewe unasukuma, kwa maana wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa CBC walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 watafika vyuo vikuu mwaka 2029, wakiwa wamechujwa kwa vigezo ambavyo havijawahi kujaribiwa dhidi ya kazi ya chuoni. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inaweza kuviagiza vyuo vyote sasa viweke kiwango kimoja cha heshima ya mwaka wa kwanza, na kuchapisha kila Septemba ni wangapi waliokifikia na waliingia na alama gani, ili kufikia 2029 wizara iwe na miaka kadhaa ya takwimu za mtaala wa zamani wa 8-4-4 za kulinganishia.