Mfalme Aliyeshindwa na Nyumba Yake

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, mzee wangu hakupiga kelele. Alininyamazia tu. Wiki zile ndizo nilizomsoma Hattusili wa Kwanza, mfalme wa Wahiti, aliyetawala Anatolia, Uturuki ya leo, karibu mwaka 1650 kabla ya Kristo.

Vitani, huyu jamaa hakuwa mchezo. Kumbukumbu zake, zilizochimbuliwa Hattusa mwaka 1957 kwa Kihiti na Kiakadi, zinahesabu miji kama mtu anayehesabu ng'ombe: Zalpa kaskazini, Alalakh kule Syria. Kisha akaenda Arzawa, magharibi. Akiwa huko, Wahurri wakamvamia kwa nyuma na nchi zote zikaasi. Akabaki na mji mmoja tu, Hattusa. Akaanza upya. Mwishowe akavuka mto Frati, akauchoma mji wa Hahhum, na mfalme wake akamfunga kwenye mkokoteni auvute. Akajigamba kwamba hata Sargon wa Akkad, shujaa wa kale, aliuvuka mto huo lakini hakuichoma Hahhum.

Sasa, kuna kibao kingine: wosia alioutoa akiwa mgonjwa mjini Kussara. Humo hakuna cha kujigamba. Mwanawe Huzziya alimwasi, na bintiye pia. Labarna, mpwa wake aliyemtangaza mrithi, anakataliwa: hakutoa chozi, hakuonyesha huruma. Mamake Labarna, dada ya mfalme mwenyewe, anaitwa nyoka. Kiti kinamwendea Mursili, mjukuu, bado mtoto. Ndiye baadaye aliyeiteka Babeli, karibu mwaka 1595.

Lakini Labarna hauawi. Anapewa nyumba, mashamba na mifugo, apate kula na kunywa. Akitulia, ataruhusiwa kupanda mjini. Mlango umefungwa, ila komeo halijatiwa.

Labarna mwenyewe hapewi nafasi ya kusema. Mimi nadhani chozi lilikuwepo, likagoma kutoka mbele ya mtu aliyezoea kutiiwa.

Wosia unaisha mfalme akimwomba mwanamke aitwaye Hastayar amwoshe vizuri, amkumbatie kifuani, amkinge na udongo. Mtu aliyechoma miji ya watu, kumbe anaogopa kaburi kama sisi wote.

Jumapili iliyopita nilimpigia mzee simu. Tulinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama nimekula.

"Bado," nikamwambia.

"Basi si uje."