Fundi Mkongwe Arudi Darasani

Wengi wetu tulio huku ughaibuni tumewahi kuanza upya. Tulifika na vyeti vyetu tukaambiwa tusome tena. Tulifika na Kiingereza cha shuleni tukakuta njiani watu wanasema kingine kabisa. Leo tunapenda kusimulia kuanza upya kwa namna nyingine, kule kulikowapata mafundi wa kompyuta wa rika letu katika miaka ya 1990, pale lugha za programu tulizozizoea zilipopitwa na lugha za vitu. Ni historia yenye funzo hata kwa asiyegusa kompyuta.

Sisi tuliosoma uhandisi Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980 tulifundishwa Fortran na Pascal, na kazini tukaingia kwenye C. Katika lugha hizo programu ni kama maelezo ya mapishi: chukua hiki, fanya hivi, ukimaliza rudia. Data imekaa upande mmoja kama unga kwenye gunia, amri zimekaa upande mwingine, na fundi ndiye anayepaswa kukumbuka nani anaruhusiwa kugusa nini. Tuliandika hivyo miaka saba. Programu zilifanya kazi, mshahara uliingia, nasi tukajiona tumekwisha kuwa mabingwa.

Mwaka 1998 kampuni tuliyoifanyia kazi ikaamua mfumo mpya uandikwe kwa Java. Hatukushtuka. Tulifungua kitabu tukakuta mabano yale yale ya C, nukta-mkato zile zile, hata maneno mengi ni yale yale. Baada ya wiki mbili tukawasilisha programu yetu kwa kifua mbele. Kijana mmoja aliyemaliza chuo mwaka uliotangulia akaisoma kimya kimya, kisha akauliza kwa adabu, "Vitu viko wapi?" Tuliangalia tena. Tulikuwa tumeandika klasi moja tu, yenye mistari zaidi ya elfu mbili. Ilikuwa C tupu iliyovishwa kanzu ya Java.

Ili kulielewa swali la kijana yule, inafaa turudi nyuma hadi Oslo, Norway, katika miaka ya 1960. Huko Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl, katika Kituo cha Kompyuta cha Norway, walitaka kuiga mambo ya ulimwengu ndani ya kompyuta ili yachunguzwe. Mfano mmoja uliowashughulisha ni daraja la kulipia, lenye foleni ya malori, mabasi na magari mengine. Waliona kwamba lori na basi hutofautiana, lakini yote ni magari: yote hufika, husubiri, hulipa na huondoka. Kwa nini basi kuandika mambo hayo mara mbili? Katika lugha yao ya Simula 67 wakaweka klasi, yaani maelezo ya aina fulani ya kitu pamoja na data yake na matendo yake, na klasi ndogo zinazorithi kutoka klasi kubwa. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001, na wote wawili wakafariki mwaka 2002.

Wazo hilo likavuka bahari. Huko California, katika maabara ya Xerox PARC, Alan Kay na wenzake wakaijenga Smalltalk katika miaka ya 1970. Kay alikuwa amesoma hisabati na baiolojia, na alivifananisha vitu vya programu na seli za mwili: kila kimoja kina mipaka yake, na huwasiliana na vingine kwa kupelekeana ujumbe. Haijuzu mtu kutoka nje kuingiza mkono na kuchokoa yaliyo ndani. Atume ujumbe, na kitu chenyewe kitajua la kufanya.

Aliyelileta wazo hili mlangoni kwetu sisi watu wa C ni Bjarne Stroustrup, mzaliwa wa Denmark. Alipokuwa akisomea udaktari Cambridge aliitumia Simula. Aliipenda kwa jinsi ilivyompangia mawazo, lakini programu yake ilikwenda polepole mno hata akalazimika kuiandika upya kwa lugha nyingine. Alipojiunga na Bell Labs mwaka 1979 akaanza kuzipandikiza klasi za Simula juu ya C. Mwaka 1983 lugha hiyo ikapewa jina la C++, na mwaka 1985 ikaanza kuuzwa. Hakumtaka mtu aache alichonacho. Miaka kumi baadaye, mwaka 1995, James Gosling na wenzake wa Sun Microsystems wakaitangaza Java, nao wakaipa sura ya C ili wenyeji wa C wasiikimbie.

Huruma hiyo ndiyo iliyotuponza. Laiti Java ingekuwa na sura ngeni kabisa, tungelikaa chini tukajifunza kama wanafunzi. Kwa kuwa sura ilikuwa ya jamaa, tulidhani na tabia ni zile zile.

Mwanga ulitujia nyumbani, wala si kazini. Mtoto wetu aliyezaliwa huku alisema mezani, "Baba, kiti yangu imeanguka." Tulimwelewa wote, na wote tulijua anafikiri kwa Kiingereza. Maneno ni ya Kiswahili; ngeli hazipo. Sisi husema mtoto ameanguka, kiti kimeanguka, mti umeanguka, embe limeanguka. Kitendo ni kimoja, na kila jina hukiitikia kwa namna ya ngeli yake. Tulipokuwa tukimsahihisha tukanyamaza ghafla. Hivyo ndivyo vitu vinavyofanya kazi: ujumbe mmoja, na kila kitu huuitikia kulingana na klasi yake. Nasi kazini tulikuwa tukisema "kiti yangu" mistari elfu mbili.

Hapo ndipo tulipoanza kujifunza kweli. Tuliacha kujiuliza "programu ifanye nini kwanza?" tukajiuliza "ni nani waliomo humu, na kila mmoja ana wajibu gani?" Tuliifuta kazi ya wiki mbili tukaianza tena, na kijana yule akawa mwalimu wetu. Haikuwa rahisi kusahihishwa na mtu aliyekuwa shule ya msingi wakati sisi tukipanda ndege kuja chuoni. Ilituuma.

Lakini mwaka 2001, soko la kompyuta lilipoporomoka, idara yetu ilipunguzwa. Mwenzetu mmoja, fundi hodari kuliko sisi sote, aliyeapa kwamba vitu ni mtindo tu utakaopita, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitwa ofisini. Alikuwa na watoto wanne na nyumba ya mkopo. Kila mtu alijua uwezo wake. Lililomwangusha ni kukataa kuuliza.

Tusidanganyane, ujuzi wa zamani haukuwa bure. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Programu ilipojaza kumbukumbu ya kompyuta ikakwama, sisi wa C ndio tuliojua pa kutazama. Na vijana walipoutia urithi kila mahali, klasi juu ya klasi hadi ghorofa ya saba, sisi ndio tuliouliza kama lori kweli linahitaji mababu wote hao. Ukongwe una faida yake, ila sharti ukubali kukaa mkekani kwanza.

Sasa tuko katika miaka ya hamsini, na gurudumu limezunguka tena. Google iliikubali rasmi Kotlin kwa ajili ya simu za Android mwaka 2017, na mwaka jana nasi tukaianza. Tulipomaliza programu yetu ya kwanza, kabla ya kumwonyesha mtu, tuliisoma upya kwa sauti ya chini. Ilikuwa Java tupu iliyovishwa kanzu ya Kotlin. Tulicheka, tukamwita binti mmoja wa ofisini tukamwomba atuonyeshe.