Ahadi ya Kurudi

Septemba 1959, wanafunzi 81 walipanda ndege ya kukodi Nairobi wakielekea New York. Wengi wao walikuwa na barua za kukubaliwa vyuoni, na baadhi walikuwa na ufadhili wa karo. Walichokosa ni nauli. Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Kenya aliyekuwa na umri wa miaka 29, alikuwa ameizunguka Marekani miezi michache kabla akihutubia vyuoni na kwenye mikutano ya wafanyakazi, na pamoja na mfanyabiashara William Scheinman wakaanzisha shirika la kuwasafirisha vijana hao. Barua ya kuomba michango ilitiwa saini na watu mashuhuri wa Marekani: Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Mwaka uliofuata, wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Huku nyumbani watu waliandaa karamu za chai, wakauza mbuzi na mahindi, ili kijana wao apate viatu, koti na pesa za matumizi.

Serikali ya kikoloni haikufurahi. Elimu ya chuo kikuu kwa Mwafrika wa sehemu hizi maana yake ilikuwa Makerere, na nafasi za Makerere zilikuwa chache mno. Wakubwa wa elimu walidai kwamba vyuo vingi vya Marekani vilivyowapokea vijana wetu ni hafifu. Vijana wakaenda hivyo hivyo. Hadi mwaka 1963 walikuwa wamefika mia kadhaa, si wa Kenya peke yake, bali pia wa Uganda, Tanganyika, Zanzibar na nchi za kusini zaidi.

Nimefundisha sekondari hapa Mombasa maisha yangu yote ya kazi, na tangu nistaafu vijana huniletea bahasha zao za viza nizipitie. Historia hii naifuatilia kwa sababu ya swali moja wanaloliogopa kuliko yote pale dirishani ubalozini: ukimaliza masomo utafanya nini?

Swali hilo halikubuniwa na afisa anayeuliza. Limetoka katika sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952, iliyoweka viza ya mwanafunzi inayoitwa F. Kabla yake, chini ya sheria ya 1924, mwanafunzi alihesabiwa miongoni mwa wahamiaji wasiobanwa na idadi ya kila nchi. Sheria ya 1952 ikamhamishia kwenye kundi la wapitaji: awe na makao nchini kwao, na asiwe na nia ya kuyaacha. Tena ikaweka jambo zito zaidi, kwamba kila mwombaji achukuliwe kuwa anakusudia kuhamia mpaka yeye mwenyewe athibitishe kinyume chake. Kifungu hicho, 214(b), ndicho hadi leo huandikwa kwenye karatasi anayopewa kijana aliyenyimwa viza. Hakuna rufaa. Atalipa ada upya, dola 185, na kupanga foleni upya.

Hata hivyo, kwa kizazi cha Mboya ahadi ya kurudi haikuwa mzigo. Nchi ilikuwa inakaribia uhuru, na maofisi yaliyoshikwa na Waingereza yalikuwa yanangoja watu. Kijana aliyesema atarudi alisema kweli, na afisa aliyemsikiliza aliweza kuiona sababu kwenye gazeti la siku hiyo. Kurudi kulikuwa na mshahara, nyumba ya serikali na heshima ya kijiji kizima.

Hata wakati ule machungu hayakukosekana. Wangari Maathai aliondoka mwaka 1960, akasoma biolojia katika chuo cha masista cha Mount St. Scholastica mjini Atchison, Kansas, kisha akapata shahada ya uzamili Pittsburgh. Alirudi Nairobi mwanzoni mwa 1966 akiwa na barua ya ajira kutoka chuo kikuu. Alipokwenda kuripoti akaambiwa nafasi ile amepewa mtu mwingine. Alihangaika, mpaka profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, alipomchukua katika idara ya anatomia ya mifugo, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya udaktari wa falsafa. Yeye alitimiza ahadi yake. Waliovunja yao walikuwa waliomngoja.

Wako pia waliorudishwa kabla ya wakati. Barack Obama mkubwa, baba wa rais wa zamani wa Marekani, alifika Hawaii mwaka 1959 kwa nauli ya wafadhili wengine, akapata shahada yake, akaingia Harvard kusomea uchumi. Kila mwaka ilimbidi aombe kuongezewa muda wa kukaa. Mwaka 1964, alipokuwa amepita mitihani na kubakiwa na tasnifu tu, chuo kikaacha kumuunga mkono, uhamiaji ukakataa kumwongezea muda, akafunga safari ya nyumbani bila udaktari. Nawakumbusha vijana kisa hicho kwa sababu mpaka leo mambo yako hivyo: chuo kikikuondoa kwenye orodha yake, viza iliyo kwenye pasipoti haikuokoi.

Waliokwenda kusoma nchi za kambi ya mashariki wana habari yao. Mwanasiasa Oginga Odinga aliwapitisha wengine Sudan na Cairo hadi Moscow na kwingineko, na waliporudi na shahada zao walitazamwa kwa shaka na serikali ileile waliyorudi kuitumikia.

Marekani nayo ilianza kuiandika ahadi ya kurudi kwa wino mzito. Sheria ya 1956 iliwataka waliokuja kwa mpango wa kubadilishana wataalamu wakae nchini kwao miaka miwili kabla ya kuomba ukazi, na sheria ya 1961 ikaliweka sharti hilo kwenye viza ya J, ya wageni wa mpango huo. Anayekwenda leo kwa ufadhili wa Fulbright bado anabanwa nalo.

Kilichobadilisha kila kitu ni ulinzi. Mmoja wa waliolipua World Trade Center mwaka 1993 alikuwa ameingia kwa viza ya mwanafunzi na kuacha masomo. Bunge la Marekani likatunga sheria mwaka 1996 ya kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, ikasuasua, na baada ya Septemba 2001, ilipobainika kwamba mmoja wa watekaji ndege naye alipewa viza ya masomo, mtandao wa SEVIS ukalazimishwa kwa vyuo vyote mwaka 2003. Anwani, masomo anayochukua, kazi anayofanya, yote yanaingizwa humo. Gharama yake hubebwa na mwanafunzi mwenyewe: dola 100 mwaka 2004, dola 200 mwaka 2008, na tangu 2019 dola 350, hata kabla hajajua kama viza ataipata.

Binti mmoja wa Likoni alikuja kwangu na mama yake, amepata chuo cha uhandisi Texas. Nilizitandaza karatasi zake mezani: fomu ya I-20 yenye saini ya chuo, risiti ya SEVIS, taarifa ya benki ya mjomba anayefanya kazi Dubai, barua ya chifu, na nakala ya hati ya shamba la babu huko Kwale, imekunjwa mpaka mikunjo imeanza kukatika.

"Mwalimu, shamba si litaonyesha kwamba atarudi?" aliuliza mama.

Binti akadakia, "Lakini mwalimu, mimi sitaki kulima. Nataka nikimaliza nifanye kazi kule kidogo, nipate ujuzi. Nikisema hivyo watanikatalia?"

Nilimwambia aseme kweli, kwa sababu kweli yake ina msingi katika sheria. Tangu 1947 kanuni za Marekani zinamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi ya mafunzo katika fani yake. Wakati ule ilikuwa miezi sita, inayoweza kuongezwa mpaka kumi na minane. Mwaka 1992 mpango huo ukapewa jina la OPT na muda wa miezi 12. Mwaka 2008 waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati wakaongezewa miezi 17, na mwaka 2016 nyongeza hiyo ikawa miezi 24, yaani miaka mitatu mizima kwa jumla. Kazi hiyo haipingani na ahadi ya kurudi. Ilikusudiwa mtu arudi na mikono iliyozoea kazi, si cheti peke yake.

Ninachokilalamikia ni kwamba maneno ya sheria ya 1952 yamebaki palepale huku ardhi chini yake imehama. Mwaka 1960 nchi nzima ilikuwa shahidi wa kijana. Leo shahidi ni hati ya shamba iliyochakaa, na anaulizwa athibitishe peke yake kwamba nyumbani kuna kitu cha kurudia, wakati wahandisi waliohitimu hapa hapa wanaendesha bodaboda. Serikali zetu zinapenda kuwaita walio ughaibuni warudi wajenge nchi. Basi ziwape barua za ajira zinazoheshimiwa, tofauti na ile aliyopewa Wangari Maathai.

Na wewe mzazi, kabla hujaweka shamba rehani, hakikisha mwanao anaijua njia hii mwanzo mpaka mwisho. Maombi ya OPT hufunguliwa siku 90 kabla ya kumaliza programu na hufungwa siku 60 baada yake, na ni lazima ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni imwidhinishe kwanza kwenye SEVIS. Akishaanza mwaka huo wa kwanza wa kazi, hana ruhusa ya kukaa bila ajira zaidi ya siku 90 kwa jumla. Aziandike tarehe hizo tangu muhula wa kwanza.