Je, Kuchora ni Elimu?

Jioni moja mvuvi wa Kibirizi alinijia akaniuliza, "Mwalimu, mwanangu asema ataka kwenda chuo kikuu akasomee kuchora. Nimeuza nyavu mbili ili asome. Je, kuchora ni elimu, ama ni mchezo wa watoto?" Swali hili si la mzazi mmoja tu. Basi na tulitazame kwa utaratibu, tukianza na mambo yaliyopita.

Kazi ya mikono iliyo nzuri si jambo geni pwani ya ziwa letu. Mafundi wa Ujiji huunda mitumbwi na mashua, na Waha hufinyanga vyungu na kusuka vikapu kwa kupima kwa jicho. Lakini ujuzi huo ulitoka kwa mzee kwenda kwa kijana, wala haukuwa na darasa. Je, ni lini kazi ya namna hii ilipoingia chuoni?

Katika Afrika ya Mashariki ilianza Makerere, Uganda. Mwaka 1937 Bibi Margaret Trowell, Mwingereza aliyesoma katika shule ya sanaa ya Slade mjini London, aliwakusanya wanafunzi wachache barazani kwake. Hakuwapa picha za Ulaya wazinakili. Aliwasimulia jambo la kijijini, soko au mavuno, kisha kila mmoja akachora kama alivyoliona moyoni mwake. Mwaka 1939 kazi zao zilionyeshwa London. Siku zile kijana wa Kigoma aliyetaka kufika Makerere angepanda gari la moshi, lililofika kwetu mwaka 1914, hata Tabora. Kisha angeshika reli ya Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1928, ndipo avuke Ziwa Viktoria kwa meli.

Gregory Maloba wa Kenya alijifunza huko uchongaji, akawa mwalimu. Naye ndiye aliyefanya sanamu ya uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962. Sam Ntiro, mwana wa Machame, Kilimanjaro, alisoma Makerere, akafundisha hapo, kisha akaenda Slade. Alichora migomba, mashamba na watu wa kwao wakifanya kazi pamoja. Mwaka 1960 jumba la sanaa za kisasa la New York lilinunua picha yake ya watu wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, mchoraji huyu alitumwa London kuwa balozi wetu.

Katika Kongo, ng'ambo ya ziwa letu, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Humo Pilipili Mulongoy alichora samaki na ndege, akajulikana hata Ulaya. Basi twaona kwamba chuo si mlango wa pekee. Ila chuo humpa mtu vipimo, historia ya sanaa, na cheti kitakachomwezesha kufundisha wengine.

Leo kijana hana lazima ya kuvuka ziwa lile. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha sanaa, na Bagamoyo pana chuo cha sanaa tangu mwaka 1981. Lakini haifai kumdanganya mzazi. Si kila mchoraji hupata mali. Wengi huishi kwa kufundisha, kupamba vitabu, au kuchora mabango na nakshi za vitambaa. Tena asiyestahimili kurudia kazi mara kumi asiende.

Nilimjibu yule mvuvi, "Mwambie akuchoree mtumbwi wako ziwani usiku, taa zikiwaka. Umtazame anavyofanya kazi, ndipo uamue."

Baada ya juma moja walikuja wote wawili na karatasi tatu. Katika ya kwanza kamba ya wavu ilikuwa imefungwa upande usiofaa. Baba alikuwa ameliona kosa hilo akamwonyesha, naye kijana akachora tena, na tena, hata kamba ikakaa mahali pake. Mzee aliniambia, "Sijui kama ni kazi, Mwalimu. Lakini kusoma, amesoma."

Wazazi wenzangu, kabla ya kukataa, mpeni mtoto karatasi, kisha mkague kazi yake kama mkaguavyo wavu kabla ya kuutia majini.