Kauntabuku, Tableti na Mita ya Kayole

Katika viwanda vya Nairobi, kuanzia Industrial Area hadi Baba Dogo, kauntabuku ya zamu ina sheria zake. Opareta anayetoka huandika presha, joto, saa mashine iliposimama na sababu yake. Anayeingia husoma na kutia sahihi. Kosa hukatwa kwa mstari mmoja tu, lisifutwe, ili lisomeke. Na kila fundi anajua kwamba namba hupikwa: safu ya saa nane nzima hujazwa dakika za mwisho, kwa kalamu moja na mwandiko usiotetereka. Supavaiza mzoefu huutambua ukurasa huo akiutupia jicho tu. Tableti inayochukua nafasi ya kauntabuku haina mwandiko, ila programu nzuri hutunza dakika ambayo kila namba iliingizwa. Mpishi hunaswa kote kuwili, mradi awepo wa kumtazama.

Wanaotetea tableti wangeweza kutaja Piper Alpha, jukwaa la mafuta la Bahari ya Kaskazini. Julai 6, 1988, zamu ya usiku iliwasha pampu ambayo vali yake ya usalama ilikuwa imetolewa mchana. Karatasi ya kazi hiyo ilikuwepo, lakini habari yake haikuwafikia walioshika zamu. Jukwaa lililipuka, na watu 167 walikufa. Mimi ningewajibu kwa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, Machi 23, 2005. Huko kitabu cha usiku kilikuwa na maneno machache mno, na kompyuta nayo ikaonyesha kimiminika kinashuka mnarani wakati mnara ulikuwa unafurika. Mlipuko uliofuata uliua watu 15. Skrini ilidanganya, na kitabu hakikuwa na la kuipinga.

Kwa mita za maji, mtaa wa Kayole Soweto, Nairobi, ulikwenda njia nyingine. Zamani msoma mita wa Kampuni ya Maji ya Nairobi alipita, akaandika, na mwenye nyumba akangoja bili aje kubishana nayo baadaye. Chini ya mpango wa Jisomee Mita, mteja husoma mwenyewe, hutuma namba kwa simu, hupata bili na kulipa kwa M-Pesa. Utasema huo ni mwaliko wa kudanganya. Lakini mita haianzi upya kila mwezi: maji uliyoyaficha leo yatakuja kwenye bili ya kesho, tena huenda kwa bei ya juu zaidi, kwa kuwa Nairobi anayetumia mengi hulipa zaidi kwa kila uniti. Namba ina mwenyewe, na ikikosewa inamuuma yeye.

Hapo ndipo viwanda vingi vinapokosea, kwa maoni yangu. Tableti hununuliwa ili ofisi ya ghorofani ione chati, huku opareta wa zamu inayofuata akinyimwa hata ruhusa ya kufungua ukurasa wa jana. Kauntabuku, pamoja na madoa yake ya grisi, ilikuwa mezani kwake. Meneja anayetaka kuitupa aanze kwa kumpa opareta huyo neno la siri, na nafasi ya kuandika sentensi, zaidi ya visanduku vya namba. Halafu stima ikipotea, aseme zamu hiyo itaandikwa wapi.